Raba ya kaboni kwenye udongo mwekundu wa Songea

Ukitaka kuujua mji wa Songea, utembee kwa miguu saa kumi na mbili asubuhi, msimu wa mvua. Ukungu unakuwa bado umeikalia milima ya Matogoro upande wa mashariki, harufu ya maandazi inatoka vibarazani, na barabarani kuna watu wa aina mbili: wanafunzi wanaowahi namba shuleni, na wakimbiaji.

Wakimbiaji wenyewe ni mchanganyiko. Kuna vijana wanaokimbia pekupeku, raba wamezishika mkononi zisilowe. Kuna watumishi wa umma wenye fulana za mbio za hisani walizowahi kushiriki. Kuna akina mama wawili watatu walioambiwa kliniki kwamba presha imepanda na wapunguze uzito. Kwa siku nne nilizokaa hapa mwezi Januari, nikifuatilia habari za lishe ya watoto, niliamka mapema kuzungumza nao. Kila mara mazungumzo yaliishia miguuni. Umevaa nini? Umenunua wapi? Ni ya kaboni au ya kawaida?

Haishangazi. Septemba 15, 2025, Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, alitwaa medali ya dhahabu ya marathoni kwenye Mashindano ya Dunia ya Riadha jijini Tokyo. Ni Mtanzania wa kwanza kupata dhahabu kwenye mashindano hayo. Alimshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 baada ya kilomita 42 na mita 195. Wote wawili waliandikiwa muda uleule wa saa 2:09:48, na ilibidi picha ya mstari wa kumalizia itazamwe ndipo mshindi ajulikane. Ukiona tofauti ndogo kiasi hicho, ni rahisi kuamini kwamba kila kitu kinahesabika, kuanzia soli hadi kamba.

Basi swali limeingia sebuleni. Mtoto anapenda mbio, anaomba raba za kaboni, na mzazi hajui kama anaombwa kifaa cha kazi au urembo wa mjini. Songea ni mahali pazuri pa kulijibu swali hilo, kwa sababu ardhi yake haidanganyi kiatu.

Mji wa kupanda na kushuka

Songea uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na tambarare ndefu ni adimu. Ukishuka bonde, ujue unadaiwa mlima. Katikati ya mji kuna Uwanja wa Majimaji, nyumbani kwa timu ya Majimaji, Wanalizombe, jina linalotokana na lizombe, ngoma ya Wangoni. Si mbali na hapo kuna Makumbusho ya Majimaji, ambako kila mwaka Februari 27 watu hukusanyika kuwakumbuka mashujaa walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Nduna Songea Mbano, aliyeupa mji huu jina lake, naye alinyongwa mwaka huo.

Upande wa Matogoro ndiko unakoanzia Mto Ruvuma, ule unaokwenda kuwa mpaka wetu na Msumbiji kabla ya kumwaga maji Bahari ya Hindi. Njia za huko ni za udongo mwekundu. Kiangazi ni vumbi, na masika ni utelezi unaong'ang'ania soli mpaka kila mguu unakuwa na uzito wa tofali. Wakimbiaji wanazipenda njia hizo kwa sababu hazina magari.

Barabara kuu za lami ni tatu: ya Njombe, ya Mbinga, na ya Namtumbo kuelekea Tunduru. Lami ni nzuri, lakini unagawana nayo na malori. Kwenye barabara ya Mbinga yanapita malori ya makaa ya mawe yanayochimbwa huko, yamefunikwa maturubai, na mkimbiaji mwenye akili akiyasikia anaingia majanini mapema. Makaa yale sehemu yake kubwa ni kaboni. Ni elementi ileile inayofanya nyuzi za bamba lililofichwa ndani ya raba za bei mbaya, ingawa nyuzi hizo hutengenezwa viwandani kwa malighafi jamii ya plastiki, hazichimbwi Mbinga.

Tamasha la Majimaji Selebuka limewahi kuleta mbio ndefu mjini hapa, sambamba na baiskeli na ngoma za asili. Lakini mbio ambazo vijana wengi wa Songea wanaziota ni za mbali, Kilimanjaro Marathon mjini Moshi. Zinakimbiwa karibu na mwisho wa Februari, maana yake maandalizi yake yote yanaangukia kwenye mvua za Ruvuma. Yanaangukia pia kwenye mahindi.

Jozi moja, mifuko miwili

Katika nyumba moja ya mtaa wa Mfaranyaki nilikaribishwa chai na viazi vitamu. Majina naomba yabaki kwao. Baba ni fundi seremala. Mama analima mahindi nje kidogo ya mji. Binti yao ana miaka 19, alimaliza kidato cha nne, na amejiandikisha kukimbia nusu marathoni Moshi, kilomita 21. Mwaka jana alikimbia umbali huo kwa saa 1 na dakika 42, akiwa na raba alizoachiwa na kaka yake, zilizojazwa gazeti mbele ili zimkae.

Sasa sokoni ameona jozi ya mtumba. Chapa kubwa, rangi imefifia kidogo, na chini ya soli kuna kidirisha ambacho bamba jeusi la kaboni linaonekana. Muuzaji anataka shilingi 150,000 na amekubali kuiweka siku tatu. Pesa ipo ndani ya nyumba. Tatizo ni kwamba ina kazi yake: ni ya mbolea ya kukuzia, karibu mifuko miwili ya ruzuku, na mahindi yameshafika magotini. Mbolea ya kukuzia haingoji mtu ajipange. Ukichelewa, unavuna magunzi.

Baba alikuwa upande wa binti. Alikwishaambiwa na vijana wa mtaani kwamba mabingwa wote wanavaa hizo. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza mimi, kwa kuwa naandika habari za afya, swali ambalo angeuliza kuhusu jembe au pampu ya kupulizia dawa: kinakaa misimu mingapi?

Ni swali ambalo wauzaji wa raba hizi hawalipendi. Kulijibu kunahitaji tufungue soli.

Kilichomo ndani ya soli

Raba za kaboni zilianza kuvuma mwaka 2017, Nike walipoleta Vaporfly. Mei mwaka huo, kwenye uwanja wa mbio za magari wa Monza nchini Italia, Eliud Kipchoge wa Kenya alizivaa kujaribu kukimbia marathoni chini ya saa mbili, akakosa kwa sekunde 25. Oktoba 12, 2019 mjini Vienna, akiwa na toleo jipya zaidi na wasaidizi wa kumkatia upepo, alimaliza kwa saa 1:59:40. Kesho yake mjini Chicago, Brigid Kosgei naye wa Kenya alikimbia saa 2:14:04 na kuivunja rekodi ya wanawake iliyokuwa imedumu tangu mwaka 2003.

Siri yao ina sehemu mbili. Ya kwanza ni sponji. Sponji ya zamani kwenye raba ukiikanyaga inameza nguvu yako na kurudisha kiasi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado nchini Marekani walipima wakakuta sponji ya Vaporfly inarudisha asilimia 87 ya nguvu iliyokandamizwa, wakati raba ya mashindano ya kizazi cha nyuma ilirudisha kama asilimia 65. Na kwa kuwa sponji hii ni nyepesi sana, soli inaweza kuwa nene bila kiatu kuwa kizito.

Ya pili ni bamba la kaboni, gumu na lililopinda kama kijiko, likikaa katikati ya sponji. Kazi yake ni kuzuia kiatu kisijikunje kwenye vidole, kuituliza sponji laini isiyumbe, na kuusaidia mguu kubingirika mbele.

Kwa pamoja, katika utafiti huo wa Colorado, wakimbiaji 18 hodari walitumia wastani wa asilimia 4 pungufu ya nguvu kwa mwendo uleule. Kwa bingwa, hiyo ni tofauti kubwa mno.

Watu wengi wanadhani bamba ndilo linalorusha mkimbiaji mbele kama manati. Baadaye watafiti walichukua raba hizohizo wakalikata bamba kwa msumeno ili lisiwe gumu tena, wakawapima wakimbiaji upya. Tofauti ilikuwa ndogo, haikufika hata asilimia moja. Kazi kubwa inafanywa na sponji.

Bamba hudumu, sponji huchoka

Hapo ndipo jibu la mama linapoanzia. Kaboni haichoki haraka, lakini sponji inachoka. Watafiti wa Hispania walilinganisha raba mpya zenye sponji hii ya kisasa na nyingine za aina hiyohiyo zilizokwishakimbiwa kilomita 450. Faida iliyokuwepo kwenye mpya haikuonekana tena kwenye zilizochakaa. Zilikuwa sawa na raba ya sponji ya kawaida.

Binti wa Mfaranyaki anakimbia kama kilomita 50 kwa wiki. Kilomita 450 kwake ni wiki 9. Mahindi ya mama yake yaliyopandwa Desemba yatakuwa bado shambani.

Na hiyo ni hesabu ya jozi mpya. Jozi ya mtumba inaanzia wapi? Mtu wa Ulaya au Marekani hatoi raba ya bei kubwa kwa sababu rangi imemchosha. Mara nyingi anaitoa akiona imeisha. Kwa hiyo mnunuzi wa Songea, Mbeya au Karume jijini Dar es Salaam yuko kwenye hatari ya kulipia kile kilichobaki: bamba gumu kama siku ya kwanza, limezungukwa na sponji iliyokufa. Ugumu ameupata wote, mdundo umebaki kwa mwenye kiatu wa kwanza.

Mtumba si adui. Watoto wengi wa nchi hii, na mwandishi wa makala haya akiwemo, wamesoma wakiwa na viatu vya mtumba vilivyodumu kuliko vipya vya dukani. Kiatu cha ngozi cha mtumba unaweza kukitazama ukajua umri wake. Raba ya kaboni inaficha umri wake ndani.

Kiatu cha lami kwenye mji wa udongo

Kuna jambo la pili, nalo ni mwendo. Kipchoge anakimbia karibu kilomita 21 kwa saa. Binti wetu, kwa muda wake wa mwaka jana, anakimbia kilomita 12 na kidogo kwa saa, na hiyo ni kasi nzuri kwa msichana asiye na kocha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulipima raba hizi kwa mwendo wa namna hiyo. Kwa kilomita 12 kwa saa, wastani wa nafuu ulikuwa asilimia 1.4. Kwa kilomita 10 kwa saa, ulishuka hadi asilimia 0.9, na baadhi ya watu hawakupata kitu. Kwa binti huyu, jozi mpya kabisa ingempa dakika moja hivi katika kilomita 21, kama mwili wake unaipokea.

Nasema kama, kwa sababu miili inatofautiana sana. Mwaka huohuo 2023 watafiti waliwapima wakimbiaji wa Kenya wa kiwango cha dunia kwa aina tatu za raba za kisasa, wakizilinganisha na raba ya soli nyembamba. Kuna aliyepata nafuu ya asilimia 11.4, na kuna aliyepoteza asilimia 11.3. Kiatu kilichombeba jirani yako kinaweza kukurudisha nyuma wewe.

La tatu ni ardhi yenyewe. Raba hizi zimetengenezwa kwa lami laini ya Berlin na Chicago. Soli yake ni ndefu kwenda juu na nyembamba katikati, mpira wa chini ni mwembamba, na sehemu nyingine ni sponji tupu. Iweke kwenye njia ya Matogoro baada ya mvua: udongo unajaza mifereji midogo ya soli, jiwe linachimba sponji, na kwenye mteremko kifundo cha mguu kinasimama juu ya ghorofa inayoyumba. Mkimbiaji mmoja wa siku nyingi niliyemkuta karibu na Uwanja wa Majimaji anazo jozi mbili kabatini. Ya kaboni anaitoa kwa mbio za lami na mazoezi machache ya kuizoea. Kwenye udongo anavaa raba ya kawaida yenye meno, iliyoshonwa pembeni kwa uzi wa fundi viatu.

Mguu unaokua si mguu wa bingwa

Wazazi wa watoto wadogo, hapa ndipo mahali penu. Mtoto wa shule ya msingi na kijana anayebalehe bado anajenga mifupa. Ncha za mifupa yake zina sehemu laini zinazokua, na kisigino ni mojawapo. Ndiyo maana watoto wa kati ya miaka 8 na 14 wanaocheza sana mara nyingi hulalamika maumivu ya kisigino. Wanahitaji kiatu kinachowatosha, kinachojikunja pale vidole vinapojikunja, na muda wa kutosha wa kukimbia pekupeku kwenye nyasi. Bamba gumu linaondoa kazi kwenye vidole na misuli midogo ya unyayo, kazi ambayo kwa mtoto ndiyo mazoezi yenyewe.

Hata kwa watu wazima, bamba linahamisha mzigo. Mwaka 2023 madaktari wa michezo walieleza visa vya wakimbiaji watano wa ushindani waliopata ufa kwenye mfupa mmoja mdogo wa katikati ya mguu wakiwa wanatumia raba za kaboni. Watu watano hawatoshi kukihukumu kiatu, na madaktari wenyewe hawakusema kiache kuvaliwa. Walichoshauri ni kuizoea taratibu. Mfupa huo hupata damu kidogo, hivyo ukipasuka hupona polepole.

Dalili ya kuangalia ni maumivu juu ya mguu, pale kamba zinapofungwa, yanayoongezeka ukikimbia na kupungua ukipumzika. Ukibonyeza kwa kidole kimoja mahali hapo na mgonjwa akaruka, asiendelee kukimbia. Aende hospitali, na amweleze daktari kwamba ni mkimbiaji, kwa sababu ufa wa aina hii mara nyingi hauonekani kwenye eksirei ya siku za mwanzo. Kumpaka dawa ya kuchua na kumrudisha barabarani ndiko kunakogeuza ufa kuwa mfupa uliovunjika.

Kwa mabinti kuna swali jingine ambalo baba wengi wanaona haya kuliuliza, basi mama aliulize. Je, hedhi inakuja kama kawaida? Msichana anayefanya mazoezi makali bila kula vya kutosha, mwili wake huanza kubana matumizi. Hedhi inachelewa au inakatika, na mifupa inadhoofika. Kwa mifupa hiyo, hakuna soli itakayomwokoa. Songea chakula chake kipo: maharage, uji wa ulezi, mayai, mboga za majani, na dagaa wa Ziwa Nyasa wanaoletwa kutoka Mbamba Bay. Sahani ya ziada baada ya mazoezi ni nafuu kuliko raba, na kwa binti anayekua ina nguvu kuliko bamba.

Ukiamua kununua

Wapo ambao raba ya kaboni inawafaa: mtu mzima aliyekwishakimbia miaka kadhaa bila kuumia, anayekimbia mbio za lami, anayefukuzia muda fulani, na mwenye jozi nyingine ya mazoezi. Kama ni wewe au mwanao mkubwa, haya ni ya kuangalia.

Anza na mguu, kisha chapa. Pima jioni, wakati miguu imevimba kidogo, ukiwa na soksi utakazokimbilia. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba. Usitegemee namba ya Ulaya au ya Uingereza peke yake, soma lebo ya ndani yenye urefu kwa sentimita ulinganishe na unyayo wako. Kisigino kikiwa kinacheza, achana nacho, maana kwenye mteremko kitacheza zaidi.

Kisha tazama tabia ya kiatu. Zipo zenye sponji laini sana na kiuno chembamba, kama Vaporfly, ambazo ni nyepesi lakini zinamyumbisha mwenye vifundo dhaifu. Adios Pro ya Adidas inatumia vijiti vya kaboni mahali pa bamba moja. Metaspeed ya Asics inakuja kwa sura kadhaa, zikiwemo Sky kwa anayeongeza kasi kwa kurefusha hatua na Edge kwa anayeongeza idadi ya hatua. Na kuna njia ya kati ambayo wengi wangefaidika nayo: raba zenye bamba la nailoni, kama Endorphin Speed ya Saucony. Zinajikunja kidogo na huvumilia mazoezi ya kila wiki.

Kama ni mtumba, usiharakishe. Iweke juu ya meza uitazame kwa nyuma. Ikiwa imeegemea upande mmoja, umelipia hatua za mtu mwingine. Tazama pembeni mwa sponji: mikunjo mingi kama uso wa mzee ni dalili ya sponji iliyokandamizwa. Bonyeza kwa dole gumba sehemu ya mbele na sehemu ya kisigino, na kama hairudi haraka, imekufa. Shika kisigino na ncha ya mbele ujaribu kuikunja. Ikikunjika kirahisi kama chapati, basi ama ni ya bandia au bamba limevunjika, na bamba lililovunjika ndani ni la kukimbia.

Kwa wanaotafuta ushindi, kuna sheria pia. Shirikisho la Riadha la Dunia limeweka kikomo cha unene wa soli kwenye mbio za barabarani kuwa milimita 40, na bamba lisizidi moja. Septemba 2021, Derara Hurisa wa Ethiopia alivuka mstari wa kwanza kwenye marathoni ya Vienna akapokonywa ushindi, kwa sababu alivaa raba ya mazoezi yenye soli ya sentimita 5.

Na ukishainunua, ivae kwa mwendo mfupi kwanza, mara moja kwa wiki, kwenye lami. Shavu la mguu na kano ya kisigino zitalalamika kidogo siku za mwanzo. Usiitoe kwenye boksi asubuhi ya mashindano.

Hesabu ya Mfaranyaki

Niliyaeleza haya pale sebuleni, kwa kifupi zaidi, huku jozi yenyewe ikiwa juu ya stuli. Binti alikuwa ameiazima kwa muuzaji kwa saa moja, ameacha simu yake rehani. Baba aliipima kwa jicho la fundi seremala. Aliiweka juu ya ubao ulionyooka, akainama, akaona ilivyolalia upande wa ndani. Akabonyeza sponji ya kisigino cha kulia, kisha cha kushoto. Cha kushoto hakikurudi.

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Binti hakufurahi, na sioni kwa nini angefurahi. Raba zile zilikuwa zimemfanya ajione mkimbiaji wa kweli, si msichana wa gazeti ndani ya kiatu. Alisema hata zikiwa zimechoka ni bora kuliko za kaka yake. Hapo mama akakubaliana naye kabisa. Za kaka hazimfai, akasema, na tangu mwaka jana walipaswa kuona hivyo.

Walivyoamua ndivyo hivi. Mbolea ilinunuliwa. Baba alichukua malipo ya awali ya kitanda alichokuwa anatengeneza, akaongozana na binti sokoni kutafuta raba ya kawaida. Walizunguka mchana kutwa wakaipata, ya mtumba, ya shilingi 45,000, soli imesimama wima, nafasi ya dole gumba ipo. Na wakawekeana makubaliano: akikimbia Moshi chini ya saa 1 na dakika 35, kwenye njia ile inayopanda kuelekea Mweka, baada ya mavuno watatafuta jozi ya kaboni mpya, wakiwa wote wawili dukani, na itavaliwa siku za mbio tu.

Jumamosi yake binti alizijaribu kwa kilomita 16, akatoka barabara ya Namtumbo akarudi na matope hadi magotini. Alisema haziumi popote. Kisha akanywa uji, akachukua ndoo, akamfuata mama yake shambani kuweka mbolea.